Kukarabati nyumba kwa mara ya kwanza: fukuza maji kwanza, rangi ije mwisho

Anayekarabati nyumba kwa mara ya kwanza huwa anaanzia duka la rangi. Anasimama mbele ya kile kitabu cha vipande vya rangi, anachagua krimu ya sebuleni na kijivu cha chumbani, analipia ndoo mbili, halafu ndipo anamtafuta fundi. Masika yakipita, ukuta wa nyuma ya kabati umevimba, rangi inabanduka kwa mapande, na chini karibu na sakafu kumeota unga mweupe. Lawama zinamwendea fundi, au kiwanda cha rangi. Kumbe ukuta ulikuwa umelowa tangu kabla ndoo haijafunguliwa.

Maelezo haya ni kwa ajili ya nyumba ya kawaida ya tofali za saruji na bati, ile ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au popote pwani penye joto na unyevu, iliyojengwa miaka kumi, ishirini au thelathini iliyopita. Ukiwa Arusha au Mbeya mengi ni yale yale, ila rangi itachukua muda mrefu zaidi kukauka miezi ya baridi.

Zunguka nyumba kabla ya kutoa hata shilingi

Chukua daftari, penseli, tochi na sarafu. Anza juu, kwa sababu maji yanaanzia juu.

Panda darini mchana wa jua kali. Ukishakaa mahali salama juu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zima tochi na utulie kidogo mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la msumari lililolegea litajionyesha kwa nukta ya mwanga. Weka alama ya chaki kwenye papi, ubao mwembamba unaopigiliwa bati, ulio karibu na kila nukta, maana ukishuka hutakumbuka ilikuwa wapi. Mbao zenye madoa meusi zichome kwa bisibisi: ikizama bila kupingwa, ubao umeoza au mchwa wameshakula.

Angalizo moja zito hapa. Kama paa au dari ni la asbesto, zile karatasi nene za kijivu zinazoonekana bado kwenye nyumba nyingi za zamani, usilitoboe, usilikate, usilisugue msasa wala kulifagia. Nyuzi zake zikipeperuka na kuingia mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Lililo zima liache lilivyo. Lililovunjika au unalotaka kuliondoa, uliza kwanza mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Fundi atakayekuambia "hiyo ni kazi ya nyundo tu, bosi" mshukuru na umwambie aache.

Shuka kwenye kuta. Gonga lipu kwa sarafu, ukitembea polepole kutoka kona hadi kona. Lipu iliyoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mkavu. Iliyoachana na tofali hutoa mlio wa uwazi, na sikio lako litautambua hata kama hujawahi kuusikia. Zungushia penseli kila eneo la namna hiyo. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, chini kuna chokaa au rangi dhaifu iliyokwisha kufa, na rangi mpya haitashika juu yake.

Nyufa usizitie hofu zote. Ule ufa mwembamba wa unywele kwenye lipu hauna neno, utazibwa na skimu, lile tabaka laini la kusawazisha ukuta kabla ya rangi. Wa kuangalia ni ule unaokwenda ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali, au unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Chora kistari cha penseli pale unapoishia pande zote mbili, andika tarehe, na pima upana wake. Ukirudi baada ya miezi miwili mitatu ukakuta umevuka kistari, msingi bado unacheza, na hapo anatakiwa mhandisi kabla ya fundi rangi. Ufa unaopita milimita 5 mwonyeshe mhandisi bila kusubiri.

Jua maji yanatoka wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Maji huingia kwa njia nne na kila moja ina alama yake. Doa la kahawia lililotanda kwenye dari ni paa. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia karibu usawa wa mita moja, ukiwa na mstari wa chumvi kwa juu, ni maji ya ardhini. Doa lililokaa mahali pamoja kiangazi na masika, jirani na bafu au sinki, ni bomba. Na vidoa vyeusi vya fangasi kwenye kona za juu na nyuma ya makabati ni mvuke wa ndani uliokosa pa kutokea.

Ukiwa na shaka kati ya ukuta uliolowa na mvuke wa chumbani, bandika kipande cha nailoni safi chenye upana wa nusu mita, ziba kingo zote nne kwa maskingi tepu, uache siku moja au mbili. Unyevu ukijikusanya upande wa ukutani, maji yako ndani ya ukuta. Ukijikusanya juu ya nailoni, upande wa chumbani, tatizo ni hewa.

Bomba nalo lina kipimo chake rahisi. Usiku funga koki zote na valvu ya kuingiza maji kwenye tangi, soma mita ya maji, mkalale. Asubuhi kabla mtu hajafungua hata bomba moja, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja chini ya sakafu au ndani ya ukuta.

Paa linatibiwa kwa kubadilisha misumari iliyolegea kwa yenye raba, kubadilisha bati lililotoboka kwa kutu, na kukagua kwa makini mabonde ya paa, pale pande mbili zinapokutana. Silikoni inasaidia kwa muda, lakini jua letu huipasua. Usiiamini kwenye tundu kubwa.

Maji ya ardhini ndiyo yanayosumbua watu zaidi, na ndiyo yanayotibiwa kijinga zaidi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa dipisi, ule utando wa kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, au uliwekwa ukachanika. Lakini kabla hujaulaumu msingi, toka nje. Miaka ya kumwaga vifusi, kupanda maua na kusawazisha uwanja huinua udongo mpaka unapita usawa wa sakafu ya ndani. Ushushe hadi uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Kisha mwaga zege jembamba kuzunguka nyumba, lenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, na funga gata kwenye paa ili mvua isimwagikie miguuni pa nyumba. Kazi hii haionekani kwenye picha na hakuna mgeni atakayeisifia. Ifanye.

Ndani, bandua lipu iliyolowa hadi nusu mita juu ya pale unyevu unapoishia. Acha tofali zikae wazi wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi. Ule unga wa chumvi uondoe kwa brashi kavu na uuzoe nje. Ukiuosha kwa maji chumvi inayeyuka na kurudi ilikotoka. Baada ya hapo lipu mpya, saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne, pamoja na dawa ya kuzuia maji inayochanganywa na saruji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni, hata ukiletwa bure na jamaa mwenye lori, unaleta chumvi yake nyumbani kwako, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani kila msimu.

Utauziwa rangi ya kuzuia maji ya kupaka upande wa ndani. Kwenye ukuta unaonyonya maji kutoka chini, mimi sikushauri. Maji yakifungiwa njia hayaishi. Yanapanda juu zaidi na kutokea pale ambapo rangi hiyo imekomea.

Fangasi, kwa upande wake, usiipake rangi juu. Changanya sehemu moja ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile inayojulikana kila duka kwa jina la jiki, na sehemu tatu za maji. Paka, acha robo saa au zaidi kidogo, sugua, suuza, acha ukuta ukauke kabisa. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa gesi inayotoka inachoma mapafu. Halafu tafuta pa kutolea mvuke: dirisha linalofunguka kweli, matundu ya hewa yaliyozibwa na wapangaji waliotangulia, au feni ya kunyonya hewa bafuni.

Mpangilio wa kazi

Nyumba inakarabatiwa kutoka juu kwenda chini na kutoka chafu kwenda safi. Paa, mabomba, waya za umeme, lipu, dari, vigae, skimu, rangi ya dari, rangi ya kuta, milango na madirisha, na mwisho vifuniko vya swichi na taa. Ukigeuza mpangilio unalipa mara mbili: fundi umeme atachimba mfereji kwenye ukuta ambao jana ulipakwa koti la mwisho, na wala hatajisikia vibaya, maana hakuna aliyemwambia.

Umeme usifanyie majaribio. Soketi zenye weusi pembeni, swichi zinazopata moto na breka inayojizima mara kwa mara ni dalili za kuita fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA. Kwa kawaida waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5 na wa soketi 2.5, ukiona mtu anataka kuvuta soketi ya pasi na jiko kwa waya wa taa, mwambie asimame.

Ukitaka kubomoa ukuta, kuongeza chumba au kubadili umbo la paa, pitia halmashauri ukaulize kibali kabla nyundo haijainuliwa. Ukuta unaobeba lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), zege au kenchi usiguswe kabla mhandisi hajauona, hata kama sebule itapendeza sana bila huo ukuta.

Kuhusu msimu: pwani, miezi mizuri ya kupaka nje ni Juni hadi Septemba, halafu Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei itumie kuona panapovuja. Ni mkaguzi wa bure.

Kuongea na fundi

Kuna fundi wa kupata kwa jirani ambaye kazi yake umeiona, na kuna fundi wa kuokota kijiweni. Anza na wa kwanza. Nenda ukaone nyumba aliyoipaka mwaka jana, si ile aliyoimaliza wiki hii. Bei zinapatanwa kwa chumba, kwa siku au kwa mita ya mraba. Kwa mgeni wa mambo haya, ya mita ndiyo salama zaidi, kwa kuwa nyote wawili mnaweza kupima.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Fundi, vyumba hivi vitatu unanifanyia bei gani?"

"Bosi, tuhesabu kwa mita. Skimu, praima na rangi koti mbili."

"Msasa na maskingi nani ananunua?"

"Vifaa vyote vyako. Mimi naleta rola, ngazi na kijana wangu."

"Rangi ya koti mbili itatosha ndoo ngapi?"

"Leta mbili, za lita ishirini."

Hapa ndipo penseli yako inafanya kazi. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za urefu wa mita 2.7, kina mzunguko wa mita 14. Zidisha: mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 34. Rangi nzuri ya maji kwenye ukuta laini uliokwisha pakwa praima, yaani rangi ya kutangulia, hufunika takriban mita za mraba 10 kwa lita moja kwa koti moja. Koti mbili za chumba hicho ni lita 7 hivi, yaani galoni mbili za lita 4. Vyumba vitatu vya ukubwa huo vinakula karibu ndoo moja ya lita 20, bila kuhesabu praima wala dari. Sasa muulize fundi ndoo ya pili inakwenda wapi. Huenda ana sababu ya maana: ukuta unanyonya sana, au unatoka rangi nzito kwenda nyeupe na itahitajika koti la tatu. Huenda pia hana. Kwenye maduka ya vifaa kuna kitu kinaitwa cha juu, pesa ambayo duka humpa fundi aliyeleta mteja, na fundi anayekupeleka duka fulani tu, kila mara, ana sababu zake. Ukinunua mwenyewe, kwa orodha mliyokubaliana, mtaheshimiana zaidi.

Andikeni kwenye karatasi: kazi gani, mita ngapi, koti ngapi, nani analeta nini, lini inaisha. Pigeni picha karatasi, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Malipo yaende kwa hatua: kidogo cha kuanzia, sehemu baada ya skimu, sehemu baada ya koti la kwanza, na kiasi cha kumfanya arudi kurekebisha kibaki mpaka mkague pamoja mchana kweupe. Hela ya kula ya kila siku mkubaliane mapema kama inakatwa kwenye malipo au iko nje. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mwenye nyumba ninaousikia unaanzia kwenye hiyo hela ya kula, si kwenye rangi. Na kwenye bajeti yako yote tenga sehemu ya tano pembeni, usimwambie mtu. Lipu ikishabanduliwa huwa inafichua mambo.

Kuandaa ukuta

Ondoa kila kinachobanduka kwa skrepa, bila huruma. Kama rangi ya zamani ni ya mafuta, hasa kwenye milango na fremu za nyumba ya miaka mingi, huenda ina risasi ndani yake, na vumbi la risasi hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Usiisugue ikiwa kavu na usiichome kwa moto. Ilowanishe, sugua kwa msasa wa maji, pangusa kwa tambara bichi, na watoto na mjamzito wasiwepo mpaka sakafu ioshwe.

Hujui kama rangi iliyopo ni ya maji au ya mafuta? Lowanisha tambara kwa spiriti na usugue sehemu iliyojificha. Ya maji italainika na kuacha rangi kwenye tambara. Ya mafuta itabaki imekaza. Ukipaka rangi ya maji juu ya mafuta yanayong'aa bila kuyakwaruza kwa msasa na kuyapa undakoti, lile koti la chini la kushikia rangi, utaibandua siku moja kwa kucha, kipande kizima.

Lipu mpya ipe siku 28. Mwagilia siku za mwanzo ili isipasuke, kisha iache ikauke. Fundi atakwambia wiki moja inatosha kwa kuwa ukuta unaonekana mweupe na mkavu. Saruji changa ina alkali kali inayochoma rangi, hasa nyekundu na bluu, na kuigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kinachoteleza kama sabuni. Ukilazimika kuharakisha, tumia praima inayohimili alkali, na hata hivyo usishuke chini ya wiki mbili.

Skimu ndiyo inayotofautisha ukuta wa nyumba ya kupanga na ukuta wa hotelini. Vyumba vya ndani vilivyo vikavu, tumia jipsamu. Bafuni, jikoni karibu na sinki na kuta zote za nje, tumia waitisimenti au puti ya nje, kwa sababu jipsamu ikilowa hulegea. Ukichanganya jipsamu, mimina unga kwenye maji na si maji kwenye unga, na changanya kiasi utakachokimaliza kabla hakijaanza kuganda, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kilichoganda usikiongezee maji, kitupe. Paka makoti mawili membamba, la kwanza kwa kupandisha kisu, la pili kwa kukilaza, likisubiri la kwanza likauke.

Usiku ukishaingia, zima taa, weka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga uupitie kwa mlazo. Mabonde, vilima na alama za kisu zitajitokeza zote. Zizungushie penseli nyepesi. Kesho yake piga msasa namba 120 palipo pabaya, halafu 180 au 220 ukuta mzima. Fundi anayejua kazi atafurahi kuona alama hizo. Asiyejua atasema rangi itaficha. Rangi haifichi, na ikiwa ya silki ndiyo inaanika kila kitu. Ndiyo maana kwenye ukuta usionyooka ninashauri rangi isiyong'aa, hata kama ya kung'aa ni rahisi kufuta mikono ya watoto.

Vumbi la msasa lifagie kwa brashi laini, kisha pangusa kwa tambara lenye unyevu mdogo. Weka praima. Madoa ya kahawia kwenye dari, ambayo paa lake umeshalitengeneza, yapake undakoti ya mafuta kwanza. Rangi ya maji peke yake huyaruhusu kupenya tena, koti baada ya koti, na utamaliza ndoo ukishangaa.

Rangi sasa

Rangi zilizochanganywa kwa mashine hutofautiana kidogo kati ya ndoo na ndoo. Nunua ya ukuta mmoja kwa mkupuo, changanya ndoo zote kwenye chombo kimoja kikubwa, na piga picha ile stika ya namba iliyobandikwa kwenye mfuniko. Usichague kwa kipande kidogo cha dukani. Paka eneo la mita moja ukutani, uliangalie asubuhi, adhuhuri na usiku chini ya taa zako. Kijivu cha dukani kinaweza kuwa zambarau ukutani, na krimu kwenye chumba chenye taa za njano huwa nzito.

Rola mpya husambaza manyoya. Izungushie maskingi tepu na uibandue, au ioshe na kuikausha kabla. Kwa kuta laini chagua ya manyoya mafupi.

Anza na dari, halafu kuta. Zima umeme wa chumba kwenye breka, fungua vifuniko vya swichi na soketi badala ya kuvipaka pembeni. Kwa brashi ya upana wa sentimita 5, chora ukanda kwenye kona, juu karibu na dari na kuzunguka fremu, kisha uufuate mara moja kwa rola kabla haujakauka. Koti la kwanza ongeza maji kidogo kwa kipimo cha kwenye ndoo, mara nyingi kisichozidi sehemu ya kumi. La pili lipake lilivyo. Hapa pia mwangalie fundi: ndoo inayoongezewa maji kila ikipungua ndiyo hiyo rangi itakayofifia mwakani.

Chovya rola, ibingirishe kwenye trei mpaka iache kudondosha, paka eneo la kama mita moja, kisha malizia kwa kushusha kutoka juu hadi chini bila kukandamiza. Usisimame katikati ya ukuta kupokea simu. Rangi ikikauka ukingo, mstari wa kiungio utaonekana jua la jioni likiingia. Kati ya koti na koti subiri saa zilizoandikwa, na siku yenye unyevu mwingi ongeza mara mbili.

Nje, fuata kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Ukuta uliochemka kwa jua hukausha rangi juu kabla haijashika chini, na huota malengelenge.

Grili za madirisha, kwa walio karibu na bahari, zioshe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha zikauke, kwangua kutu kwa brashi ya waya, paka praima ya chuma siku hiyo hiyo, kisha rangi ya mafuta koti mbili, kila moja ikilala usiku mmoja. Tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, hushika moto upesi, hivyo isikae chumba kimoja na jiko la mkaa. Mbao sugua kwa kufuata nyuzi zake.

Kama nyumba ni ya mawe

Aliyerithi nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, au mji wa kale wa Lamu, ulioingia 2001, asifuate maelezo ya saruji hapo juu. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimejengwa zinyonye unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji yanakwama ndani, yanalegeza chokaa na kuozesha vichwa vya boriti za mikoko vilivyozikwa ukutani. Zinataka lipu ya chokaa na rangi ya chokaa, fundi anayezijua, na ruhusa ya mamlaka ya uhifadhi kabla ya kugusa hata dirisha.

Siku ya kukabidhiana

Kagueni mchana, chumba kwa chumba, ukiwa na ile karatasi. Tazama nyuma ya milango, juu ya fremu, chini ya madirisha na ndani ya makabati ya ukutani, ambako koti la pili husahaulika. Bandika vipande vya maskingi palipo na kasoro, fundi arekebishe, ndipo umalizie malipo yake.

Maji ya kuoshea brashi usiyamwage kwenye mtaro wa mvua. Acha masalia ya rangi yatulie kwenye ndoo, zoa tope likauke, litupe na taka. Rangi iliyobaki hamishia kwenye chombo kidogo kinachojaa ili kisibaki na hewa nyingi, funga sana, andika juu yake chumba, namba ya rangi na tarehe, ukihifadhi pasipopigwa na jua. Fanicha zisirudishwe kugusa ukuta kwa wiki mbili hivi, na usiufute kwa sabuni kabla ya mwezi kwisha.